Pua ya Bwana Harusi

Mpaka Kusumben alipofikia habari ya pua, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Ilikuwa Jumamosi yenye joto ya Novemba, mwaka 1998, na harusi ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Walikuwa wamekaa sebuleni kwa Amma, mama wa bibi harusi, pale Sydenham, Durban, feni inazunguka bila kuleta upepo wa maana. Kusumben alikuwa amekuja na sinia ya vitamutamu, na pamoja naye alikuja mpwa wake Ketan, bwana harusi mwenyewe, aliyemwita Foi, kwani ndivyo Wagujarati wanavyomwita shangazi. Chai ilikuwa imemiminwa. Loshnee, bibi harusi, alikaa kando ya mama yake akijitahidi asimtazame Ketan sana mbele ya wakubwa, na akishindwa kila mara.

Kufika hapo haikuwa kazi ndogo. Ukoo wa Loshnee ni Watamili, wajukuu wa watu walioletwa Natal kukata miwa. Ketan ni Mgujarati mzaliwa wa Tanga, seremala, aliyekuja Durban kuishi kwa shangazi yake. Wote Wahindu, lakini usidhani hilo lilitosha. Kusumben alinuna miezi kadhaa kwa sababu msichana si wa kwao. Baba mdogo wa Loshnee naye alisema hawezi kumwamini mtu anayetia sukari kwenye dengu. Mwisho walikubaliana kugawana: mapokezi ya mlangoni yawe ya Kigujarati, na ile mikanda ya ndoa, nyuzi za manjano anazovishwa bibi harusi shingoni, ifungwe Kitamili. Kila upande uliona umeshinda.

Basi Kusumben akaeleza mapokezi yenyewe. Bwana harusi akifika mlangoni mwa ukumbi, mama wa bibi harusi humpokea kwa taa na mchele, humpaka alama nyekundu kwenye paji, kisha humvizia amshike pua. Kijana hukwepa, rafiki zake humkinga, watu wanacheka. Ni kumkumbusha kwamba amekuja kuomba mtoto wa watu, kwa hiyo aje kwa adabu. Loshnee alicheka akifikiria Ketan alivyo mrefu na Amma alivyo mfupi.

Kusumben hakucheka. Alishusha sauti, akalipindapinda jambo, hatimaye akalitoa. Mlangoni pale anatakiwa mwanamke ambaye mumewe yu hai. Ilionekana vema Anti Vijie, mke wa baba mdogo, ndiye ampokee kijana. Na Sornamben, yaani Amma, heri akae chumba cha nyuma mpaka maharusi wamalize kuuzunguka moto wa ndoa. Si kwa ubaya, ila kuepusha nuksi.

Loshnee alingoja mtu aseme ni utani. Amma akasema, “Sawa kabisa, Kusumben. Ndivyo inavyopasa,” akamwongezea chai. Loshnee akamgeukia Ketan. Macho yale yalikuwa hayajawahi kumkimbia, lakini siku hiyo yalizama ndani ya kikombe na hayakutoka humo mpaka wageni walipoaga.

Usiku ule Loshnee hakulala. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Amma aliingia kiwanda cha nguo, akashona mashati ya watu mchana kutwa, jioni akakaa na mtoto mezani kumsimamia hesabu ambazo mwenyewe hakuzisoma. Leo mtoto huyo ni mwalimu wa hesabu, ana gari lake, na wanafunzi wanamwogopa. Nyuma ya nyumba Amma amepanda yasmini, na tangu alipofiwa hajatia hata ua moja kichwani, maana mjane havai maua. Loshnee alikuwa amezoea kuliona hilo mpaka akaacha kuliona, na sasa lilimchoma kama limetokea jana.

Jumatatu, vipindi vya shule vilipokwisha, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye karakana ya Ketan kule Clairwood.

Ketan alikuwa anapiga randa mlango wa kabati. Pamoja naye alikuwa fundi mwenzake, Ruphin, mtu wa Bukavu. Wawili hao walizungumza Kiswahili kutwa, mmoja cha Tanga na mwingine cha Kongo, na kila mmoja alidai cha mwenzake kimepinda. Loshnee alikuwa ameokota maneno mawili matatu kwao, ya kumtosha kuelewa Ruphin alichosema alipomwona anaingia.

“Patron, madame iko na hasira. Mie naenda kutafuta mkate.”

“Mkate si huo hapo,” alisema Ketan.

“Ule iko wa jana,” alisema Ruphin, akavaa kofia yake na kutoka.

Walibaki wawili. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa Ketan kwenye nyusi na kope, na hata katika hasira yake Loshnee alitamani kunyoosha kidole amfute. Alijikaza.

“Kwa nini ulinyamaza?”

“Foi alikuwa anazungumza na mama yako. Haikuwa nafasi yangu.”

“Harusi ni yako, pua ni yako. Ilikuwa nafasi ya nani?”

Ketan alikaribia kutabasamu, akauona uso wake, akaacha. Aliweka randa chini taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Loshnee hakumngoja. Alimwaga yote. Kwamba Jumapili atakaa mbele ya moto amevaa sari ambayo mama yake alidunduliza kuinunua, na mama mwenyewe amefungiwa nyuma na masufuria. Kwamba Anti Vijie, ambaye hakuwahi hata kuuliza mtoto wa marehemu anakula nini, ndiye atakayepigwa picha mlangoni. Na kwamba mwanamume aliyeshindwa kufungua mdomo kwenye kiti, na chai mkononi, hatafungua mdomo siku ya mambo mazito.

“Usifikiri naikimbia dini,” alisema. “Mimi ni Mhindu, Ketan. Nawasha taa kila jioni, na Ijumaa nafunga. Sitaki kutoka. Nataka mama yangu asitolewe.”

“Najua.”

“Unajua, halafu?”

Alimwona akitaka kusema, na akiyarudisha maneno. “Loshnee, kuna jambo siwezi kulisema.”

“Huwezi au hutaki?”

Nje lori lilipita, vioo vya dirisha vikatikisika. Miaka miwili alikuwa amempenda mtu huyu kwa sababu alikuwa mtulivu, na sasa utulivu ule ule ulimtia uchungu.

“Basi Jumapili usije,” alisema.

Alitoka upesi asije akalia mbele yake. Alipokuwa anafungua mlango wa gari alisikia viatu vikikimbia kwenye changarawe. Ketan alisimama kando yake, karibu mno, wala hakumgusa.

“Muulize Amma nani alikwenda kwa Foi,” alisema. “Wiki iliyopita, peke yake.”

Akisha kusema hivyo, uso ulimshuka. Aligeuka, akarudi ndani, na Loshnee akabaki ameshika funguo.

Amma alikuwa jikoni anachambua majani ya mchuzi. Alimtazama binti yake mara moja tu, akajua. Hakukana. Alivuta stuli akakaa, akaeleza huku vidole vikiendelea na majani.

Ni yeye aliyekwenda. Alimkuta Kusumben anajiuliza tu jambo hilo, hajakata shauri, na Amma ndiye aliyemkatia. Alimwomba alitoe yeye, kwa mdomo wake, ionekane ni desturi ya upande wa mume. Alijua likitoka kwake Loshnee atapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Ketan ndiye aliyemrudisha nyumbani siku hiyo, na njiani Amma alimweleza sababu yake, kisha akamwapisha kwa jina la mama yake marehemu kwamba hatasema.

“Ulimwapisha kwa mama yake,” alisema Loshnee.

“Ningemwapisha kwa kitu gani kingine? Ni kijana mkweli, kiapo kidogo kisingemzuia.”

Loshnee alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, kama alivyokuwa akikaa utotoni. Aliuliza kwa nini, na mara hii aliuliza kwa upole.

Amma alichukua tawi jingine la majani. “Siku ya mazishi ya baba yako walinivunja bangili, wakanivua mikanda ya ndoa. Hayo nilikuwa nayangoja. Kisha nyanya yako akasema mbele ya watu wote, mwanangu alikuwa mzima mpaka ulipoingia wewe. Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe sasa, kwa mwezi mmoja tu. Najua yalikuwa maneno ya mtu mwenye uchungu. Nilimsamehe, nikamwosha miguu mpaka alipokufa. Lakini neno liliingia, Loshnee. Liliingia na halijatoka.”

“Amma, kila mwaka hekaluni unapika uji wa Mama Mariamman. Uji wa mkono wako mungu anaula. Bwana harusi ni nani mpaka akuogope?”

“Mungu hafi,” alisema Amma. “Yule kijana ni mtu. Akipatwa na jambo, mwaka wowote ule, nitajiambia ni huu mkono uliomgusa mlangoni. Sitaweza kukutazama. Heri nikae nyuma, nisikie ngoma, nijue mko salama.”

Loshnee alikuwa na majibu mengi kwa wakubwa wengi. Lakini hii haikuwa hoja ya kushindana nayo, ilikuwa hofu, na hofu ile ilitokana na kumpenda yeye. Aliinuka akaanza kuchambua majani pamoja na mama yake, kwa kuwa hakujua la kufanya. Alifikiria pia maneno aliyomrushia Ketan mchana, moja baada ya jingine, na kila moja lilimrudia mwenyewe.

Jua lilikuwa bado halijazama gari la Ketan liliposimama nje. Alivua viatu kibarazani kama kawaida, lakini hakuingia. Alisimama kwenye ngazi ya chini, amenawa uso, vumbi bado limemganda kwenye nywele na kope, na aliyemwita ni Amma.

“Nimevunja kiapo,” alisema. “Nimekuja kukwambia mwenyewe.”

“Nimekwisha kujua,” alisema Amma mlangoni. “Si neno, mwanangu. Nenda kapumzike.”

“Naomba nimalize kwanza. Uliniapisha kwa mama yangu bila kujua habari zake, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilifundishwa kwamba mama mkwe habishiwi. Lakini ilinipasa kukwambia siku ile ile garini.”

Loshnee alisimama nyuma ya mama yake. Katika miaka yao miwili Ketan hakuwahi kumzungumzia mama yake kwa urefu. Alijua tu kwamba alifariki Tanga, na kwamba akiulizwa zaidi hubadilisha mazungumzo.

“Mama yangu alikuwa mjane,” alisema Ketan. “Dada yangu alipoolewa walimweka mama chumba cha nyuma, mlango ukafungwa. Hakuna aliyemlazimisha, alikubali mwenyewe kama wewe. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Aliniuliza dada amependeza vipi, nikamweleza rangi ya sari. Ngoma ilikuwa inapigwa nyuma ya ukuta tu, na yeye ananiuliza mimi.”

“Alifanya vyema,” alisema Amma, lakini sauti ilimtoka kwa shida.

“Shemeji yangu alifariki mwaka wa tatu, Amma.”

Amma alishika mwimo wa mlango.

“Mama hakumgusa. Hata kwa macho hakumwona siku ile. Tulifanya yote kama tulivyoambiwa.”

“Na mlangoni alisimama nani?” aliuliza Amma.

“Foi. Alisafiri kutoka hapa kwa ajili ya harusi, na mumewe yu hai mpaka leo. Yeye ndiye aliyempaka alama nyekundu, yeye ndiye aliyemshika pua. Shemeji alipokufa hakuna hata mtu mmoja aliyemnyooshea Foi kidole. Walisema ni malaria.” Alivuta pumzi. “Na ilikuwa malaria. Lakini wewe, baba yake Loshnee alikufa kwa moyo, daktari akasema ni moyo, na bado ukaambiwa ni wewe.”

Jirani alikuwa anamwagilia bustani, maji yakisikika juu ya majani. Loshnee aliona mabega ya mama yake yakitetemeka, akataka kumshika, akajizuia, kwa sababu aliona Amma bado anamtazama Ketan usoni.

“Sitakulazimisha,” Ketan alisema. “Akija Anti Vijie nitamwinamia kwa heshima. Lakini mama mmoja nilimwacha chumba cha nyuma, na nilikuwa kijana wa kuweza kusema. Wa pili nimeona nimwombe kabla.”

Amma alijifuta macho kwa upindo wa sari. Aliuliza Kusumben atasemaje. Ketan alisema ametoka kwake sasa hivi, kwamba Foi amelia sana, kwamba habari za Tanga hazijatajwa nyumbani mle tangu zilipotokea, na kwamba kama Sornamben anataka kusimama mlangoni, Foi mwenyewe atamshikia sinia. Amma akauliza na kuhani je. Kuhani amepigiwa simu, alisema Ketan, naye amejibu kwamba katika kusoma kwake kote hajaona palipoandikwa pua ya bwana harusi ni mali ya nani.

Hapo Loshnee alicheka. Amma alisema anakwenda kunawa mikono, ina harufu ya majani. Kunawa gani kulikochukua muda mrefu vile, mtu hajui. Huenda alitaka kuwa peke yake kidogo, na huenda alitaka wao wawe peke yao.

Loshnee alishuka ngazi. Ketan alikuwa amesimama vile vile, mikono imening'inia, amechoka kama mtu aliyebeba kabati peke yake kutoka Clairwood.

“Ilinipasa kukwambia mapema habari za mama,” alisema.

“Na mimi ilinipasa kukuuliza kwa upole,” alisema Loshnee.

“Uliniambia Jumapili nisije.”

“Niliyasema hayo kabla ya kujua.”

“Kwa hiyo nije?”

Loshnee alimtazama kope zile. Bado zilikuwa na vumbi, na safari hii hakujikaza. Alimfuta jicho moja kwa kidole gumba, kisha la pili, polepole, na Ketan alifumba macho akamwachia uso wake wote. Moyo wa Loshnee ulikuwa unakwenda mbio kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana. Alitamani kumwambia kwamba mume aliyemtaka ni huyu hasa, na akamwambia, kwa sauti ndogo, karibu na sikio. Ketan alishika mkono wake akauweka kifuani, juu ya shati la kazi, akaushikilia hapo mpaka waliposikia mlango wa jikoni.

Amma alitoka amekunja mkono wa blauzi. Kichwani, upande wa kushoto, alikuwa amechomeka ua moja la yasmini, nalo limekaa vibaya, maana mkono ulikuwa umesahau. Hakuna aliyelitaja.

“Nielezeni vizuri,” alisema Amma. “Sitaki kuaibika mbele ya Wagujarati.”

Ketan akamweleza. Kwanza taa, izungushwe mbele ya uso wake. Kisha mchele, kisha alama nyekundu, na akiwa bado anafikiri ya alama, hapo hapo pua. Amma alijaribu taa kwa mkono mtupu, akaizungusha. Aliurusha mchele usiokuwepo. Alipofika kwenye paji la uso mkono ulisimama hewani, ukakaa pale, na Loshnee akashusha macho asije akamtisha. Alihesabu vigae vya ngazi akamaliza akaanza tena.

Alipoinua macho, Ketan alikuwa ameinama, na Amma, akiwa ngazi ya juu, alikuwa amemshika pua kwa vidole viwili. Alimshika kwa nguvu, si kwa mchezo. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta.

“Mbona hukwepi?” aliuliza. “Kusumben alisema bwana harusi hukwepa.”

“Jumapili nitakwepa, Amma,” alisema Ketan, sauti imebanwa puani. “Leo sikwepi.”

Amma alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ngazi, na bado hakuiachia.